Ubao Usio na Pembe

Mwingi, Jumatatu 13 Oktoba 1997

Kompyuta ya chama cha asali ni moja lakini ina nyuso tatu. Ukiandika jina la Rahab unaona kitu kimoja, ukiandika la Bwana Mbuvi unaona kingine, na ukiandika la Mama Kalunde unaona kitu ambacho bado sijui nikiite nini. Evanson Kahiga, mwalimu aliyeitengeneza programu hii kabla ya kwenda zake Nairobi, alimwekea kila mtu ubao wa vitufe kwenye skrini na kumpa ruhusa ya kuupanga apendavyo. Unaweza kuhamisha kitufe, kukifuta, kukipaka rangi, hata kuchora picha yako mwenyewe juu yake. Watu wakapanga.

Kazi yangu ni kuuondoa ubao huo na kuweka mwingine, mmoja kwa wote. Bwana Mbuvi, meneja, alinieleza akiwa amesimama mlangoni na kofia mkononi, maana yeye hakai.

"Mama Kalunde aliugua malaria mwezi wa sita. Watu wamekuja na asali kutoka mbali, na hakuna mtu hapa ndani anajua abonyeze wapi. Wamerudi nayo. Nataka vitufe vichache, vikubwa. Mtu wa Form Four aingie leo, afanye kazi leo. Umeelewa, Nthenya?"

Nimeelewa. Mkataba wangu unaisha Januari, asali mpya itakapoanza kuingia. Ubao usipokuwa tayari, nitarudi Kalamba nikamsaidie mama kupalilia mbaazi kwa diploma yangu.


Jumatano 15 Oktoba

Asubuhi nzima nimekaa nyuma ya Mama Kalunde nikimtazama akipokea asali. Ana miaka hamsini na kitu, miwani imefungwa kwa uzi, na mausi anaishika kama yai. Ubao wake hauna neno hata moja. Ni michoro, safu kwa safu: msalaba wenye mkia, mistari mitatu, nusu duara, kitu kama mguu wa kuku. Nilidhani ni mapambo. Kumbe ni alama za mizinga. Kila mwanachama ana kitufe chake, na Mama Kalunde amechora juu yake ile alama ambayo mtu huyo anaichonga kwenye gogo la mzinga ili mwizi asije akasema hakujua ni wa nani. Akibonyeza alama, ukurasa wa mwenyewe unafunguka.

"Kwa nini usiandike majina, mwaitu?" nikamwuliza. Sisi humwita hivyo mwanamke yeyote wa umri wa mama zetu, na yeye hupenda.

"Majina ni shida. Huyu ni Mutie Mwangangi. Mjukuu wake, aliyepewa jina lake, naye ni Mutie Mwangangi. Utajua nani ni nani? Lakini ona alama. Kijana ameongeza mstari mmoja chini ya ile ya babu yake."

Nilikumbuka mzinga wa babu yangu pale Kalamba, na nyota mbovu aliyoichonga juu yake. Nilikuwa nimeisahau kabisa.

Kisha nikauliza lile nililotaka kujua tangu nilipouona ubao. Alama hizo hazifuati herufi wala namba za uanachama. Safu za upande mmoja zimebanana, za upande wa pili zina mapengo, na pembeni kabisa chini, mbali na wengine wote, kuna kitufe kimoja peke yake. Amezipangaje?

"Nimewapanga vile wanakaa," akasema, na kuita mtu anayefuata.


Alhamisi 16 Oktoba

Joto. Mawingu upande wa Garissa, hayaji.


Jumanne 21 Oktoba

Vile wanakaa. Nilichukua ramani ya wilaya iliyobandikwa ukutani nikaanza kulinganisha. Ikiwa amewapanga kwa mahali wanapokaa, watu wa Nzeluni wawe pamoja na wa ng'ambo ya mto Tyaa wawe pamoja. Hawako. Majirani wawili wa boma moja wako mbali kama mbingu na nchi, tena mmoja kushoto na mwingine kulia.

Rahab, ambaye ni keshia, alinikuta nimesimama juu ya kiti.

"Unatafuta nini huko juu? Umepoteza mume?"

Nikamweleza. Akacheka. Ubao wake yeye una vitufe vitatu. Vingine vyote alivitoa siku ya kwanza. Watu wake ni wa Murang'a, mumewe ana duka la vipuri hapa kando ya barabara kuu, na ameishi Mwingi miaka minane bila kujifunza Kikamba zaidi ya salamu. "Mimi huyo mama simwelewi," akasema. "Anaita watu kutoka juu kwenda chini kama mtu anasoma gazeti. Ukiwa chini utakaa hapo mpaka ukauke."


Ijumaa 24 Oktoba

Mvua! Imeanza saa tisa mchana, bila upepo, kama mtu aliyemwaga karai. Mutiso, anayepima asali ghalani, alitoka nje akasimama ndani yake kwa makusudi.


Jumanne 28 Oktoba

Leo nimeona maana ya kuwa chini kwenye ubao.

Siku ya kupokea. Watu wamejaa barazani, ndoo zimefunikwa kwa nailoni. Mwanamke mmoja mrefu, mwembamba, alikuwa amefika kabla hatujafungua mlango. Nilimpita nikiingia, sketi imelowa hadi magotini. Alikaa kwenye ukingo wa baraza peke yake, ndoo mbili katikati ya miguu. Mama Kalunde akaanza safu ya juu, akashuka, akashuka. Aliyefika saa nne aliitwa kabla yake. Aliyefika saa sita aliitwa kabla yake. Kufikia saa tisa mapipa yalijaa, na lori la kuyapeleka Nairobi halikuwa limefika kwa sababu ya barabara.

"Yamejaa, Ndululu," Mutiso akamwambia. "Rudi wiki ijayo."

"Wiki jana uliniambia hivyo."

"Si mimi. Ni mapipa."

Mama Kalunde hakuinua kichwa. Mwanamke akafunga kitambaa, akabeba ndoo moja kichwani na nyingine mkononi, akashuka kuelekea mtoni mvua ikinyesha. Mmoja wa wanaume barazani akasema, "Hiyo haitapotea. Yeye anajua kuitumia," na wenzake wakacheka kicheko ambacho sikukielewa.

Nilirudi kwenye skrini. Kile kitufe cha pembeni, chini. Kina alama ya mshale uliovunjika. Nikakibonyeza: Ndululu Kivuva.


Jumatano 29 Oktoba

Nimemwuliza Mama Kalunde kwa nini Ndululu yuko pale chini. "Ndipo anakaa," akasema. Anakaa wapi? "Nthenya, wewe fanya ubao wako."

Wazo la pili: watu wetu husema mtu "anakaa mwizi", "anakaa mgonjwa", yaani anaonekana hivyo. Pengine amewapanga kwa anavyowaona, wazuri juu, wabaya chini. Lakini safu ya kwanza kabisa yuko mzee mmoja ambaye kila mtu hapa anajua huongeza uji wa sukari kwenye asali, na Mama Kalunde mwenyewe ndiye aliyemkamata.


Jumanne 4 Novemba

Mvua haijakoma. Daraja dogo limechukuliwa. Jenereta inakohoa, kompyuta imezimika mara mbili na nikapoteza kazi ya mchana wote.

Ndululu alirudi. Aliitwa wa mwisho tena, lakini leo mapipa yalikuwa na nafasi. Mutiso akachota tone, akaliweka kwenye kile kipimo cha maji kinachofanana na darubini ndogo, akalitazama kuelekea dirishani. Kisha akainusa ndoo.

"Mama, hii imeanza kuimba."

Niliinama nikasikia. Ni kweli, ilikuwa na sauti ndogo, ya chini, kama soda iliyofunguliwa jana. Asali hunywa unyevu wa hewa, na ikinywa sana inachacha. Ndoo za plastiki zenye mifuniko iliyopasuka, zikivushwa mtoni kwenda na kurudi juma baada ya juma katika mvua kama hii, zitafanya nini kingine?

"Imekataliwa," Mutiso akasema kwa upole, akiangalia chini.

"Si amezoea," sauti ikatoka barazani. "Ni uki tayari. Lete vikombe."

Uki ni pombe yetu ya asali. Wanaume walicheka. Nilimtazama Mama Kalunde. Alikuwa anaandika neno moja kwenye ukurasa wa Ndululu: imechacha.


Ijumaa 7 Novemba

Mutiso kwenye kompyuta, akijifunza. Nikamwambia abonyeze kitufe cha kushoto cha mausi. Hakujua kushoto. "Cha mkono wa kike," nikasema kwa Kikamba.

"Basi nibonyeze cha kiume, mimi ni mwanaume."

"Cha kiume hakifanyi kitu hapa."

"Hata nyumbani," Rahab akasema kutoka dirisha la keshia, na kazi ikaishia hapo kwa siku ya leo.


Jumapili 9 Novemba

Lazima niandike leo yote, kabla sijalala nikayachanganya.

Mama Kalunde alikuwa ameniambia niende kanisani kwake. Nilichelewa. Mvua ilinifungia nyumbani, na nilipofika wimbo wa pili ulikuwa umekwisha. Ili nisisumbue, nikaingia kwa mlango wa nyuma nikakaa kwenye benchi la kwanza nililoliona, lile la pembeni karibu na mlango, upande wa wanawake. Lilikuwa karibu tupu. Alikuwapo mtu mmoja tu. Ndululu.

Alinitazama kwa mshangao. Mzee wa kanisa aliyesimama mlangoni naye akanitazama, akafungua mdomo, akaufunga. Sikuelewa. Nikafungua kitabu cha nyimbo.

Kisha nikainua macho.

Kutoka pale nyuma niliona vichwa, safu kwa safu. Wanaume mkono wa kulia, wamebanana. Wanawake mkono wa kushoto, wana mapengo kwa sababu ya watoto wanaobebwa nje. Mbele kabisa kulia alikuwa yule mzee wa uji wa sukari, ambaye ni shemasi. Safu ya tatu alikaa Mutie babu, na nyuma yake mjukuu. Nilikuwa nautazama ubao wa Mama Kalunde. Hawakuwa alama tena, walikuwa watu, kila mmoja mahali pake. Vile wanakaa! Alikuwa amenijibu siku ya kwanza, kwa neno moja lililo wazi kabisa, na mimi nikapanda juu ya kiti kutazama ramani.

Na mimi nilikuwa nimekaa pembeni, chini.

Ibada ilipokwisha, Ndululu ndiye aliyenieleza, nje, tukingoja mvua ipungue chini ya paa.

"Hili ni benchi la waliotengwa, msichana. Umejitenga mwenyewe."

"Samahani, mama. Sikujua. Kwetu Kalamba waliotengwa hukaa popote."

"Kwenu mna bahati." Alicheka, na nikaona kuwa si mzee kama nilivyodhani. "Mwaka juzi shemeji yangu alileta wazee bomani kwangu kuzungumza mahari ya binti yake. Mahari bila uki hayaendi. Wakapika asali ya mizinga ya marehemu mume wangu, bomani kwangu, kwa sufuria yangu. Mimi nilikuwa shambani. Baraza la kanisa, ambalo humtenga anayepika pombe, likamwuliza Kalunde, kwa sababu ni rafiki yangu na nyumba zetu zinatazamana. Akasema ameona moshi na amesikia harufu."

"Alisema uongo?"

"Alisema kweli. Ndiyo maana sina la kumwambia."

Baraza litakaa tena mwisho wa Januari kuangalia kama atarudishwa kwenye ushirika. Mwaka jana walikataa. Walikuwa wamesikia kwamba asali yake ilirudishwa na chama ikiwa imechacha. "Wakaniuliza, mtu ambaye asali yake inachacha kila mara, tunajuaje haipiki? Ningejibu nini? Nilikuwa nimekaa nayo kwenye baraza la chama chenu siku tatu." Aliitazama mvua. "Safari hii wakikataa, sitaomba tena. Mtu ana mwisho wake."


Jumatatu 10 Novemba

Habari zimefika kabla yangu. "Umetenda nini, Nthenya?" Mutiso akauliza, uso umekunjika kwa masikitiko ya uongo. "Niambie mimi, sitamwambia mtu isipokuwa watu." Rahab akataka kujua kama nilikunywa au nilipata mchumba. Hata Bwana Mbuvi alisimama mlangoni na kukohoa.

Walipokwenda chakula nilifungua ubao wa Mama Kalunde peke yangu. Sasa naweza kuusoma kama picha ya harusi. Alama yake mwenyewe, mzinga mdogo wenye macho mawili, iko upande wa wanawake, safu ya nne. Na kando yake kuna nafasi tupu. Nilidhani ni pengo kama mengine. Lakini mengine yako mwisho wa safu; katikati ya safu programu ya Evanson husogeza vitufe kujaza pengo. Ili nafasi ibaki wazi ni lazima uweke hapo kitufe kisicho na kitu, kwa mkono wako. Nilikibonyeza. Hakikufungua chochote. Amekitengeneza kwa ajili ya kutofungua chochote.

Jana kanisani nilikuwa nimeona mkoba mweusi umewekwa kwenye kiti kando yake, na watu wamesimama nyuma kwa kukosa nafasi. Nilidhani ni ubinafsi.

Hadi leo nilimwona kama mwanamke mkaidi anayelinda vikorokoro vyake. Sasa simjui kabisa. Amemweka mtu yule pembeni, wa mwisho, hadi asali yake inaoza, na hapo hapo amemwekea nafasi ubavuni mwake. Je, anajua kwamba kimoja kinazaa kingine? Anaita kuanzia juu kwa sababu ndivyo ubao ulivyo. Ubao uko hivyo kwa sababu ndivyo kanisa lilivyo. Nadhani hajawahi kujiuliza ni nani hungoja.


Alhamisi 13 Novemba

Mto Tyaa umefunga njia. Hakuna anayekuja.


Ijumaa 21 Novemba

Ubao mpya. Nimechora kwenye karatasi mara nyingi na kila mara natoa kitu. Mwanzoni nilikuwa na vitufe kumi na viwili, kisha saba. Leo vimebaki vinne: POKEA, LIPA, TAFUTA, FUNGA. Vikubwa, maandishi meusi, mahali pamoja siku zote, haviwezi kuhamishwa wala kufutwa na mtu yeyote, hata meneja. Na katikati ya skrini, orodha ya waliofika leo, aliyetangulia akiwa juu. Mtu akifika anaandikishwa mlangoni. Akihudumiwa anatoka, na aliye chini yake anapanda.

Nilikaa nikiitazama orodha hiyo tupu kwa muda mrefu. Sikuwa nimeipanga kwa ajili ya Ndululu. Au nilikuwa nimeipanga hivyo, sijui. Nilipokuwa chuoni tulifundishwa kwamba ubao mzuri ni ule usiomlazimisha mtu kufikiri. Sikufundishwa kuuliza ni nani alikuwa akifikiriwa na ule wa zamani.

Nimebakisha kitu kimoja kutoka kwa Mama Kalunde: alama. Itaonekana kando ya jina, ili Mutie babu na Mutie mjukuu wasiwe mtu mmoja. Nilikuwa karibu kuwafanya mmoja. Kompyuta iliniambia jina limerudiwa, na kidole changu kilikuwa tayari juu ya "futa". Mimi, niliyepewa jina la nyanya yangu!


Jumanne 2 Desemba

Nimemwonyesha Bwana Mbuvi. Alikaa. Ni mara ya kwanza kumwona akikaa. Akabonyeza POKEA, akabonyeza FUNGA, akabonyeza POKEA tena kama mtoto na swichi ya taa. "Hata mimi naweza," akasema, na nadhani ndiyo sifa kubwa zaidi anayoweza kumpa mtu.

Mama Kalunde alitazama akiwa amesimama.

"Na mimi nitawaweka wapi?"

"Hutawaweka, mwaitu. Watajipanga wenyewe, kwa kufika."

"Na ambaye hajafika?"

"Hataonekana. Mpaka afike."

Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitambaa, akaivaa. "Niachie wangu," akasema polepole, na mimi nikajua hasemi na meneja. "Weka huo wako kwa wengine. Mimi niachie wangu tu. Sisumbui mtu."

Ingewezekana. Ni mistari michache ya programu. Bwana Mbuvi alinitazama, akiniachia nijibu.

"Siwezi, mwaitu. Ukibaki, utawaita kutoka juu."

"Na nikiwaita kutoka juu?"

"Kuna mtu hukaa barazani mpaka asali yake inaimba."

Rahab aliacha kuhesabu. Mama Kalunde alichukua mwavuli akaenda nyumbani, na ilikuwa bado saa sita.


Jumatano 3 Desemba

Hajaja.


Alhamisi 4 Desemba

Hajaja. Rahab anasema nilisema vibaya. Mutiso anasema nilisema vizuri lakini mbele ya watu wengi mno. Nadhani wote wawili wako sawa. Kwa nini siku zote nafikiri kwa siri na kusema kwa sauti?


Ijumaa 5 Desemba

Amekuja. Amesalimia kila mtu kwa jina, mimi pia. Akakaa kwenye kompyuta na kusema, "Nionyeshe hicho kitufe cha TAFUTA."

Nikamwonyesha. Akaandika kwa kidole kimoja: NDULULU. Ikatokea alama ya mshale uliovunjika, jina, na chini yake kila siku aliyoleta asali na jibu alilopewa. Mapipa yamejaa. Mapipa yamejaa. Imechacha. Barabara. Mapipa yamejaa. Mambo hayo yalikuwamo kwenye kompyuta siku zote, sisi wenyewe tuliyaingiza, lakini kwenye ubao wa zamani yalifunguka siku moja moja tu, na hakuna aliyeyaona yamekaa pamoja. Alisoma hadi chini, midomo ikisogea.

"Sikuwa nikiangalia watu," akasema mwishowe. "Nilikuwa nikiangalia ubao."

Safari hii nilijua kunyamaza.


Jumapili 14 Desemba

Mvua ilipumzika, nikavuka Tyaa na Mutiso hadi kwa Ndululu. Nilimpelekea ndoo mbili za chama zenye mifuniko inayobana. Bwana Mbuvi ametoa bila kuuliza. Alitutilia uji. Nyumba ya Mama Kalunde inaonekana kutoka mlangoni, ng'ambo ya bonde dogo, na moshi wake pia. Ndululu hakuuliza habari zake. Lakini alikaa akiangalia upande huo.


Ijumaa 26 Desemba

Krismasi nyumbani Kalamba. Mama anasema nimekonda. Nilikwenda kuutafuta mzinga wa babu. Gogo limeoza, alama bado iko.


Jumanne 30 Desemba

Jana ilikuwa kura. Mvua hata kwenye foleni. Kila mtu alisimama alipofika.


Alhamisi 15 Januari 1998

Soko la mifugo limefungwa. Wanasema kuna ugonjwa unaoua wanyama na watu upande wa Garissa. Malori yamepungua barabarani, mji umenyamaza. Lakini jua limetoka siku nne mfululizo na migunga imechanua. Mutiso anasema nyuki wamerukwa na akili.


Jumatatu 26 Januari

Siku ya kwanza ya asali mpya, siku ya kwanza ya ubao mpya.

Nilifika mapema, Ndululu alikuwa amefika mapema zaidi. Mutiso alimwandikisha mlangoni. Nilisimama nyuma ya kiti cha Mama Kalunde nikiwa na mikono mgongoni. Skrini ilikuwa nyeupe, vitufe vinne, na jina moja katikati.

Mama Kalunde alilitazama. Baraza lilikuwa linajaa. Wanaume wa siku zile walikuwa hapo, na shemasi, na Mutie wote wawili. Kwa mazoea wote walikuwa wanamtazama shemasi, wakingoja aitwe.

"Ndululu Kivuva," Mama Kalunde akaita.

Shemasi, ambaye alikuwa amekwisha kuinua ndoo yake, aliiweka chini. "Kalunde, umekosea safu," akasema kwa utani.

"Hakuna safu, mzee. Aliyefika anaitwa."

Ndululu akaingia. Mutiso akachota tone, akaenda dirishani, akatazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilitaka kumpiga teke.

"Kavu," akasema. Kisha akasema kwa sauti, kwa ajili ya baraza, "Kavu kabisa! Hii haiimbi hata wimbo wa Krismasi!"

Mama Kalunde akabonyeza POKEA. Mwanamke mmoja upande mmoja wa meza, mwingine upande wa pili, ndoo katikati yao. Hawakuangaliana. Rahab ananiambia hawakupumua pia, lakini Rahab huongeza chumvi.


Jumanne 27 Januari

Shemasi amelalamika kwa Bwana Mbuvi kwamba ubao hauna heshima. Bwana Mbuvi amemwambia aje mapema.


Jumamosi 31 Januari

Baraza la kanisa limekaa leo. Mama Kalunde aliitwa. Hakuniambia alichosema, ameniambia tu kwamba aliwapelekea karatasi iliyochapishwa na kompyuta, ule ukurasa wa TAFUTA, tangu mwanzo hadi siku ile. "Mara ile niliwaambia nilichoona," akasema. "Leo nimewaambia nilichofanya."

Mkataba wangu umeongezwa hadi Juni. Nilidhani ningefurahi zaidi.


Jumapili 1 Februari

Nilifika mapema na nikakaa katikati, upande wa wanawake, kama mtu mwenye adabu. Mkoba mweusi ulikuwa kwenye kiti kando ya Mama Kalunde, kama kawaida.

Baada ya matangazo mchungaji alisema kwamba dada yetu Ndululu Kivuva amerudishwa kwenye ushirika. Akasema maneno mengine ambayo siyakumbuki, kwa sababu nilikuwa namtazama Mama Kalunde. Aliuchukua mkoba kutoka kwenye kiti akaupakata magotini. Hakugeuka. Alikaa wima, macho mbele, mikono miwili juu ya mkoba, na kile kiti kikawa wazi kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Watu wote tuligeuka kumtazama Ndululu aje.

Hakuja. Alikuwa amekaa kwenye benchi lake la pembeni, kitabu cha nyimbo wazi mapajani. Mzee wa mlangoni alimwinamia, akamnong'oneza. Ndululu akatikisa kichwa. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa kama mtu aliyezoea kukaa karibu na dirisha fulani. Mchungaji akasubiri, kisha akaanzisha wimbo, kwa sababu mtu afanye nini?

Ubeti wa kwanza. Wa pili. Mkoba ulikuwa bado magotini, kiti bado tupu, na nilifikiri, basi, ndivyo itakavyokuwa. Ubao wangu hauna pembe, lakini kanisa si ubao.

Kwenye ubeti wa tatu Mama Kalunde akasimama. Akatwaa Biblia yake, mkoba, mwavuli ingawa jua lilikuwa linawaka, akapita mbele ya magoti ya safu nzima ya nne akiomba radhi kwa kila mmoja. Akatoka katikati, akashuka hadi nyuma, mbele ya macho ya kanisa zima, mpaka kwenye lile benchi la waliotengwa. Mzee wa mlangoni akafungua mdomo, na safari hii pia akaufunga.

Wimbo ulikuwa umelegea, kila mtu anasikiliza. Ndiyo sababu hata mimi nilisikia.

"Sogea," akamwambia, "nikae."